Mvua Haimo Kwenye Makala

Limoges, Novemba. Mto Vienne umevimba
na kioo cha maabara kinatoka jasho.
Dirishani nimeweka pete nambari arobaini na moja,
nyeupe kama jino la utotoni,
yenye ufa mwembamba kuliko unywele.
Wageni wa wizara wakiiona hudhani ni pambo.

Miaka tisa Solange Mazeaud aliusaga unga huu
kwa fedha za watu wasioujua:
senti za mama Peyrichoux auzaye mikate,
senti za dereva wa basi namba sita.
Miaka tisa, gramu kumi na mbili kwa wiki.
Mimi ndimi niliyepima, ndimi niliyeosha vyombo.
Jina langu limo mwishoni, kwenye shukrani,
limekosewa herufi moja.

Makala ikatoka. Ikasifiwa Kyoto, ikasifiwa Dresden.
Fomu ya wizara ikauliza: *Matokeo?*
Kisanduku kilikuwa na upana wa kidole gumba.
Solange akaandika: Haivunjiki.
Akafuta. Akaandika: Huvunjika kwa shida.

Akaja Delhoume wa kiwanda cha karatasi, Saint-Junien,
kofia mkononi, matope viatuni.
Pampu zake hutafuna pete za chuma,
kila miezi minne pete,
kila miezi minne mashine zinalala.
"Gramu zenu nimezisoma," alisema.
"Mimi nataka kilo mia nane,
nazitaka Jumanne, na Jumanne inayofuata,
na zote zifanane."
Hapo tukaliona bonde
kati ya kujua kitu na kukitengeneza,
sisi ng'ambo hii, yeye ng'ambo ile,
tunapungiana mikono.

Tulichoma arobaini. Arobaini zikapasuka.
Benki ya Delhoume ikafunga mkoba.
Mkoa ukatuazima tanuru na mwaka mmoja.
Wanasheria walikuwa wameshaanza kugombea hataza,
wanakata mbeleko, mwana hajazaliwa.

Ndipo tukamwita Villejoubert, mchoma sahani mstaafu,
miaka thelathini na minne mbele ya moto wa kauri
hadi kiwanda chao kilipogeuzwa duka la mazulia.
Makala hakuisoma.
Alichovya kidole katika unga, akakilamba;
Solange akafumba macho.
Akaokota kipande, akakigonga kwa kucha,
akakitegea sikio kama mtu anayesengenywa.
"Siku ile kulinyesha?"

Nikaleta daftari. Si la Solange. Langu,
lile la vyombo, ambamo huandika pia hali ya hewa
kwa sababu ya baiskeli.
Kulinyesha. Katika arobaini, thelathini na sita.
"Na zile nne?" akauliza Solange.
"Zile nne mlikuwa na haraka.
Unga wenu unakunywa, binti.
Mnautia motoni ungali umelewa."

Nimelelewa kuamini kazi ni kuwahi.
Yeye alituamuru tungoje: siku tano,
chumba kikavu, joto la mahali anapolala paka.
Solange alipima joto hilo. Nyuzi thelathini na moja.
Sasa limo kwenye hataza, ukurasa wa saba,
bila paka.

Arobaini na moja ikapata ufa huu mmoja.
Arobaini na mbili Villejoubert aliigonga,
ikalia muda mrefu hata tukakosa la kusema,
naye akatafuta koti lake.

Pete ya Saint-Junien ina miezi kumi na tisa, bado inazunguka.
Mawaziri wamekuja, utepe umekatwa,
hotuba imesema *kutoka maabara hadi soko*
kana kwamba ni vituo viwili vya basi.

Juzi mama Peyrichoux alinifungia mkate
kwa karatasi ya Delhoume.
Nilitaka kumwambia: hii ni yako,
uliilipia senti kwa senti, tangu nywele zako zikiwa nyeusi.
Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.
Nikalipa. Akanirudishia senti kumi na tano.

Maabara, Solange anasaga unga mwingine, wa kijivu.
Una gramu tatu na hauna jina.
Nje kunanyesha tangu alfajiri.
Nimeandika.